Ugomvi wa Darwin na Biblia ni wa Wamarekani, watu wa ziwa tusiununue

Nianze na jibu kabisa ili asiye na muda asisumbuke: ndiyo, Mkristo anaweza kukubali mageuko ya viumbe (ile evolusheni ya Darwin) na Biblia yake ikabaki Biblia. Naandika nikiwa Kentucky, Marekani, kwetu ni Mwanza, Nyegezi, nimelelewa kanisa la AIC toka Sunday skuli mpaka kwaya, na ninachokiona huku ni ugomvi ambao si wetu, lakini naona watu wa nyumbani wameanza kuuvaa kama koti la mtumba, limeshonewa baridi ya watu wengine we unalivaa Mwanza saa saba mchana unatoka jasho unasema ndo imani.

Nyumbani ilikuwaje? Fomu wani kwenye Histori unasoma evolusheni ya mwanadamu, unakariri Zinjanthropus, Olduvai, Mary Leakey, 1959. Fomu foo kwenye baiolojia inarudi tena, Lamarck na shingo ya twiga, Darwin na ndege wa Galapagos, na uumbaji nao umewekwa humo humo kama nadharia mojawapo. Unajibu mtihani wa NECTA unachukua maksi zako, jioni unaenda kwenye kikundi cha wanafunzi Wakristo, UKWATA au CASFETA au TYCS, mnasali, na hakuna mtu aliyeona tatizo. Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa mzee wa kanisa, alikuwa anatuambia haya ni ya mtihani, andikeni, mkitoka hapa mnajua ukweli ni upi. Darasa zima linacheka, tunaendelea.

Amani ilikuwepo, sikatai. Ila ilikuwa amani ya kutokuuliza.

Huku ni kinyume kabisa. Huku swali la Darwin ni kama kuulizwa wewe Simba au Yanga, mtu akishajua unasemaje kuhusu dinosaria anadhani ameshajua na kura yako inaenda wapi. Kazini (mi ni nesi) wakijua unasali wanakuangalia kwa upole fulani hivi wa kukuonea huruma, kanisani nako ukisema dunia ina miaka bilioni 4 na nusu wanakuombea. Haikuanza jana, mwaka 1925 kule Dayton, Tennessee, walimpeleka mahakamani mwalimu John Scopes kwa kufundisha kwamba binadamu ametokana na viumbe wa chini, akapigwa faini ya dola 100, redio ikatangaza nchi nzima. Na hapa hapa Kentucky, mji wa Williamstown, toka 2016 kuna safina ya Nuhu imejengwa kwa mbao, urefu kama mita 155, ukiingia ndani unakuta mpaka dinosaria kwenye vizimba. Tulienda na watu wa kanisa. Kazi ya useremala pale ni ya kusifiwa, mafundi wa mitumbwi wa kwetu wangesimama kutwa nzima wanashangaa. Lakini ukutani wanakwambia dunia ina miaka kama 6,000 tu, na ukiitilia shaka hiyo basi na msalaba umeutilia shaka. Mwanangu wa miaka kumi na mbili akaniuliza kwenye gari, baba, kwa hiyo ticha wa sayansi anaenda motoni?

Hapo ndo nikaona ngoja niseme kitu. Maana mtoto wa mtu wa Mwanza kuulizwa achague kati ya Mungu na mageuko ni kichekesho, wakati ushahidi wenyewe babu zake wamekula na ugali.

Namaanisha furu. Wale vidagaa-sio-dagaa tuliokuwa tunavua na ndoano pale kwenye mawe, ambao mama akiwaona anasema hawa wa paka. Ziwa Victoria lilikauka, ardhi ya chini ya ziwa inaonyesha hivyo, likajaa tena miaka kama 15,000 iliyopita. Na ndani ya huo muda zimetokea aina zaidi ya 500 za furu ambazo ziko humu tu, hazipo pengine duniani. Kuna wanaoponda konokono, kuna wanaokwangua mwani kwenye mawe, kuna wanaokula mayai na vitoto ambavyo furu mwenzao amevihifadhi mdomoni. Kila mmoja na taya lake, na kooni ana taya la pili ambalo nalo linafuata chakula anachokula. Wanasayansi wa Uholanzi kutoka Leiden walikuja kukaa Mwanza toka miaka ya 1970 kwa ajili ya hawa hawa samaki wa paka.

Mmoja wa furu hao wamempa jina la Mwalimu Nyerere, Pundamilia nyererei, mwaka 1985. Dume lake lina wekundu mgongoni, na ana ndugu yake wa bluu anayekaa maji ya juu zaidi. Jike anachagua dume kwa rangi. Ukishuka chini kwenye maji ya ziwa mwanga unaobaki unaelekea wekundu, basi macho ya huyu wa chini yanaona nyekundu vizuri na ya mwenzie yanaona bluu vizuri, hivyo kila mmoja anabaki na wa kwake. Ila pale ghubani ambako maji yamechafuka kwa udongo na uchafu wa mji jike haoni tofauti, wanachanganyika, aina mbili zinaanza kurudi kuwa moja. Yaani sisi tunamwaga uchafu, huku chini uumbaji unarudi nyuma. (Hilo peke yake lingetosha mahubiri ya mwezi mzima, sijawahi kulisikia likihubiriwa.)

Afu akaja sangara, akaletwa na wakoloni miaka ya 50, akalipuka miaka ya 80, akameza furu mpaka aina kama 200 zikapotea. Viwanda vikaja, mapanki (mifupa ya sangara inayobaki kiwandani) yakaja, hela ikaja. Sangara alipopungua wakarudi baadhi ya furu, na mmoja wao waliyempima Ghuba ya Mwanza alirudi na matamvua, yale ya kupumulia, makubwa kuliko ya zamani, kwa sababu maji yalikuwa yamepungukiwa hewa. Ndani ya miaka kama ishirini tu! Mzee aliyekuwa anavua Kirumba kabla na baada ameishi kuyaona kwa macho yake.

Najua jibu, nimelisikia Kentucky na nimelisikia Mwanza: sawa, lakini furu amebaki furu, hajawa mamba. Kweli hajawa mamba, na hakuna mwanasayansi anayesema alitakiwa awe mamba kwa miaka 15,000. Ila njoo kwenye damu yetu wenyewe. Selimundu, ile sickle cell. Kanda ya Ziwa hakuna ukoo usioijua, ukienda hospitali ya Bugando unakutana na wazazi wamebeba watoto wanaolia mifupa. Kwa nini kitu kibaya hivi kimebaki kwenye damu? Mwaka 1954 daktari mmoja, Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye kinasaba kimoja cha selimundu anakingwa na malaria kali, mwenye viwili ndo anaugua. Palipo na mbu na malaria kinasaba kinabaki, maana kinaokoa wengi kuliko kinaowaua. Hapa kazini napokea Wamarekani weusi wenye selimundu, mababu zao walitolewa Afrika karne nyingi zilizopita, malaria hawaijui wanaisoma tu, lakini damu yao bado inajikinga na mbu wa kwetu. Zamu moja usiku mgonjwa aliniuliza kwa nini Mungu kampa hii, nikamweleza habari ya mbu, akanyamaza afu akasema kwa hiyo hii ilimwokoa bibi wa bibi yangu. Nikamwambia yawezekana kabisa.

Na ukitaka ya sokwe yapo. Sokwe ana kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) 48, sisi 46, na kromosomu yetu namba mbili ni mbili za zamani zilizoungana, kwa sokwe bado ziko mbalimbali, alama ya kiungio ipo. Aliyeongoza mradi wa kimataifa wa kusoma vinasaba vya binadamu mpaka ukakamilika 2003 ni Francis Collins, Mkristo aliyeokoka, anaomba kama wewe.

Biblia sasa. Fungua Mwanzo sura ya kwanza, jua limeumbwa siku ya nne, jioni na asubuhi zimeanza siku ya kwanza. Sura ya kwanza wanyama wanatangulia binadamu, sura ya pili Adamu yupo ndo wanyama wanaletwa. Aliyeyaandika alikuwa anayaona haya, hakuwa mjinga, alikuwa anatufundisha nani kaumba na sisi ni nani mbele zake. "Maji na yajawe kwa wingi na kitu kiendacho chenye uhai", ukilisoma hilo umesimama Capri Point, pale ziwani Mwanza, hulioni likigombana na furu hata kidogo. Na hii si hila ya kizungu ya juzi: Agostino, Mwafrika mwenzetu wa huko ambako leo ni Algeria, miaka 1,600 iliyopita alishawaonya Wakristo wasiongee upuuzi kuhusu nyota na wanyama kwa jina la Maandiko, kwa sababu asiyeamini akishawacheka kwa hayo anayoyajua, ya ufufuo atawasikiliza vipi? RC wenzetu wameshavuka zamani, Papa Pio wa 12 aliruhusu swali liulizwe 1950, Yohane Paulo wa Pili akasema 1996 kwamba hii ni zaidi ya dhana. Na Mwalimu, ambaye furu ana jina lake, alikuwa anaenda misa kila siku, alishawahi kufundisha baiolojia Tabora, na jimbo la Musoma limefungua mchakato wa kumtangaza mwenyeheri.

Pagumu papo, sitaki kujifanya. Ni Adamu. Baba mdogo wangu ni mchungaji mstaafu Magu, nilimtumia haya yote kwa voisi akanirudishia: "Ng'wanawane (mwanangu), hao samaki nimekuelewa. Sasa kama kifo kilikuwepo kabla ya Adamu, Warumi tano, pale Paulo anaposema kifo kiliingia kwa dhambi ya mtu mmoja, tunaiweka wapi?" Nikamwambia shikamoo baba, Mungu alimwambia Adamu siku utakapokula matunda ya mti huo utakufa hakika, akala, na akaishi miaka 930. Kwa hiyo kifo cha siku ile hakikuwa cha kuzikwa, kilikuwa cha kutengwa na Mungu, na hicho ndicho Paulo anachokilia. Akasema hapo umejibu nusu, je Adamu alikuwa mtu mmoja au ni watu wengi? Nikamwambia Wakristo wanatofautiana, mi naegemea kwamba alikuwa mtu kweli, aliyeitwa na Mungu kutoka kati ya wengi, maana Kaini alipofukuzwa aliogopa watu watamuua, watu gani hao, na mke akampata wapi.

Baba akacheka kwanza. Akasema hilo la mke wa Kaini vijana wa kwaya walikuwa wanamuuliza toka miaka ya themanini, na siku zote alikuwa anawajibu waende wakaendelee na mazoezi.