Louisiana: Sifa Wapewe Wahaiti

Historia ya mwanzo wa Marekani ikifika mwaka 1803, Rais Thomas Jefferson humwagiwa sifa kwa kuinunua Louisiana, eneo kubwa la magharibi ya Mto Mississippi, kutoka kwa Ufaransa. Zaidi ya kilomita za mraba milioni 2 kwa dola milioni 15, na nchi ikakua karibu maradufu bila vita. Mimi sifa hizo simpi. Jefferson hakutuma wajumbe Paris wakanunue eneo lote hilo. Alitaka mji wa New Orleans na Florida, kwa sababu mazao ya wakulima wa bara yaliteremshwa kwa Mto Mississippi hadi hapo, na mwaka 1802 Wahispania, waliokuwa bado wakiusimamia mji huo, waliwanyima ruhusa ya kuhifadhi mizigo yao. Sehemu kubwa iliyobaki Wafaransa waliileta mezani wenyewe, na waliowalazimisha kufanya hivyo ni watu weusi wa Saint-Domingue, nchi ya kisiwani Karibi ambayo leo ni Haiti.

Saint-Domingue ndiyo iliyokuwa koloni tajiri kuliko yote ya Ufaransa. Karibu watumwa nusu milioni walilima miwa na kahawa huko hadi Agosti 1791, walipoasi na kuyachoma mashamba moto. Miaka 10 baadaye kisiwa kilikuwa mikononi mwa Toussaint Louverture, aliyezaliwa mtumwa. Napoleon, mtawala wa Ufaransa, alitaka kukirudisha. Louisiana, ambayo Hispania ilikuwa imekubali kuirudisha kwa Ufaransa mwaka 1800, ingekuwa ghala la kukilisha kisiwa: unga, nyama na mbao zitoke huko, sukari itoke Saint-Domingue. Bila kisiwa, ghala halina kazi.

Mapema 1802 shemeji wa Napoleon, Jenerali Leclerc, alitia nanga na jeshi kubwa. Siku chache baadaye Toussaint alimwandikia jenerali wake, Jean-Jacques Dessalines, barua ambayo Wafaransa waliinasa njiani. Alimwambia kwamba wakati wanasubiri mvua zije kuwaondolea adui, silaha yao ni moto na uharibifu. Mvua zilikuja, na homa ya manjano, inayoenezwa na mbu, ikaja nazo. Toussaint mwenyewe alikamatwa kwa hila mwezi Juni, akapelekwa Ufaransa na kufungwa katika ngome ya Joux kwenye baridi ya milimani, akafia humo Aprili 1803. Leclerc alikuwa amemtangulia: homa ilimuua Novemba 1802, na maelfu kwa maelfu ya askari wake walikufa pia.

Wapo wanaosema ushindi ule ulikuwa wa mbu. Kauli hiyo inaniudhi, kwa sababu inamnyang'anya mtu akili yake na kumpa mdudu. Homa iliwamaliza Wafaransa kwa kuwa vita havikuisha, na havikuisha kwa kuwa watu walikataa kunyang'anywa bunduki. Habari zilipofika kwamba Napoleon amerudisha utumwa Guadeloupe, hata majenerali weusi waliokuwa wamejiunga na Leclerc, Dessalines akiwamo, waligeuka na kuelekeza mizinga upande wa pili. Watu wa namna hiyo wanajua hasa wanachokipigania.

Sasa turudi Paris. Tarehe 11 Aprili 1803 balozi wa Marekani, Robert Livingston, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akibembeleza auziwe New Orleans, aliulizwa na Talleyrand, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa: mngetoa kiasi gani kwa Louisiana yote? James Monroe, aliyetumwa kumsaidia, alifika mjini siku iliyofuata. Mkataba una tarehe ya Aprili 30. Majuma yasiyofika matatu! Ni biashara ya mtu aliyepoteza jeshi, anayenusa vita vipya na Uingereza, na anayehitaji fedha haraka. Wamarekani wa wakati huo walilijua hili. Mwezi Julai gazeti la New-York Evening Post lilichapisha makala inayohesabiwa kuwa ya Alexander Hamilton, mpinzani wa Jefferson kisiasa, ikisema wazi kwamba ununuzi huo ulitokana na hali ya hewa ya Saint-Domingue pamoja na ujasiri na ukaidi wa wakazi wake weusi. Basi kwa nini sisi tulioko mbali tuendelee kumkariri Jefferson peke yake?

Na Ufaransa iliuza nini hasa? Nchi ile ilikuwa ya wenyeji wake wa asili, Waosage, Wamandan na mataifa mengine mengi ambayo hayakuulizwa neno. Kisha utumwa ukaenezwa juu yake: sehemu yake ya kusini ikawa jimbo la Louisiana mwaka 1812, na sehemu nyingine zikawa majimbo ya Missouri 1821 na Arkansas 1836, yote matatu yakiruhusu watu kumilikiwa. Ushindi wa waliovunja minyororo ulifungua mashamba mapya ya minyororo. Jambo hili linaniuma kuliko yote katika historia hii.

Wahaiti wenyewe walimshinda Mfaransa katika mapigano ya Vertières Novemba 1803 na kutangaza uhuru Januari 1, 1804. Mwaka 1806 Bunge la Marekani lilipiga marufuku biashara na Haiti, Jefferson akatia saini. Wenye watumwa wa Kusini mwa Marekani waliogopa mfano huo usivuke bahari. Mwaka 1825 Ufaransa ilileta manowari na kudai fidia ya faranga milioni 150, na Haiti ikalazimishwa kulipia uhuru iliokuwa imeshaupata kwa damu. Washington iliitambua Haiti mwaka 1862, wakati wa Abraham Lincoln, baada ya wabunge wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani kuondoka.