Kidonda cha mdomoni si ushahidi wa uchafu

Mtu akilalamika kuwa ana vidonda mdomoni, huulizwa kwanza kama anapiga mswaki vizuri, kisha kama ameshameza antibayotiki. Maswali yote mawili yamejengwa juu ya imani moja: yupo mdudu, na akifa, kidonda kitapona. Naipinga imani hiyo. Imewafanya watu wameze dawa zisizowahusu, wasugue fizi mpaka zitoke damu, na juu ya maumivu wakabebeshwa aibu.

Kinywa chenye afya kina bakteria wa aina mamia kadhaa. Kama kuwepo kwao tu kungetosha kuleta kidonda, hakuna ambaye angemeza mate kwa raha. Kinachoamua zaidi ni jinsi mwili unavyowatambua, na kazi hiyo ni ya vipokezi, yaani protini za kutambua hatari, vya kinga ya asili, ile tunayozaliwa nayo.

Vinavyojulikana zaidi ni vipokezi vya Toll. Mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann huko Ufaransa lilionyesha kuwa nzi wa matunda aliyekosa Toll hushindwa kujikinga na kuvu. Mwaka uliofuata Ruslan Medzhitov na Charles Janeway wakaeleza kipokezi cha binadamu cha jamii hiyohiyo, na mwaka 1998 kundi la Bruce Beutler, likichunguza panya, likaona kuwa ndicho kinachotambua lipopolisakaridi, sumu iliyo kwenye ganda la baadhi ya bakteria. Sisi tunavyo vipokezi 10 vya namna hii.

Tazama kinachotokea kipokezi hicho, kiitwacho namba 4, kinapoikamata sumu hiyo kwenye ufizi. Ishara hupita kwenye protini ziitwazo MyD88, na baada ya hatua kadhaa protini nyingine, NF-kappa B, huingia ndani ya kiini cha seli na kuwasha jeni za uvimbe. Seli humwaga TNF na intalukini, protini za kuamsha uvimbe, mishipa midogo ya damu hupanuka, chembe nyeupe hukimbilia hapo. Wekundu, joto na maumivu tunavyovilaumu kwa mdudu ni kazi ya mwili wenyewe kwa sehemu kubwa.

Tena vipokezi hivi havisubiri mdudu. Ukijiuma shavu, seli zilizochanika humwaga protini ambazo kwa kawaida hukaa ndani, kama HMGB1, na vipokezi namba 2 na 4 huzisoma kuwa dalili ya hatari. Uvimbe unaweza kuanza bila maambukizi yoyote. Kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, na ndilo linalosemwa kwa nadra.

Chukua ugonjwa wa laikeni planasi ya mdomoni, yenye mistari myeupe iliyosukana kama wavu ndani ya mashavu. Humo seli T, aina ya chembe nyeupe za kinga, huzishambulia seli za tabaka la chini la utando wa kinywa. Watafiti wamekuta viwango vya vipokezi vya Toll vimebadilika kwenye tishu hizo, ingawa matokeo yao hayalingani kwa kila kipokezi. Kwa hiyo sikubaliani na anayetangaza kuwa chanzo kimeshapatikana. Vipokezi vinashiriki; kama ndivyo vinavyoanzisha, hilo halijathibitishwa.

Sisemi bakteria hawana hatia. Kwenye ugonjwa wa fizi, bakteria aitwaye Porphyromonas gingivalis hubadilisha umbo la lipopolisakaridi yake ili kipokezi namba 4 kisimtambue sawasawa. Huo ni ujanja wa hali ya juu, na kuondoa utando wa bakteria kwenye meno bado ni lazima. Lakini hata hapo, mfupa unaoshikilia jino humung'unywa na seli zetu, zikiwa zimechochewa na uvimbe wetu.

Wapo wanaotamani dawa ya kuvizima vipokezi hivi moja kwa moja. Nawaomba wawatazame watoto wanaozaliwa bila MyD88: hupata maambukizi makali ya bakteria, yanayoweza kuua, wakiwa bado wadogo. Ndiyo maana naona busara zaidi kwenye njia ya sasa ya laikeni planasi, steroidi inayopakwa palepale penye kidonda, ikituliza jeni za uvimbe mahali panapouma huku mwili mwingine ukibaki na ulinzi wake.

Na mgonjwa asiachwe ajitibu gizani. Vile vidonda vidogo vya kawaida vinavyojirudia hupona vyenyewe ndani ya siku 7 hadi 14. Kidonda kikipita wiki mbili, daktari wa meno akione, na akiona haja akate kipande kidogo kikapimwe kwa darubini. Mwenye laikeni planasi aendelee kuangaliwa hata maumivu yakiisha, kwa sababu kwa wagonjwa wachache hugeuka kuwa saratani.