Kila Pasaka Tunarudi Sifuri

Jumamosi iliyopita nilikaa saa mbili nzima kumsikiliza kijana aliyeletwa kutoka Nairobi awafundishe vijana wetu wa Malindi namna ya kupanda ngazi kazini. Alivaa vizuri, akasema vizuri. Kisha akatoa neno ambalo mpaka leo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki: "Ukiona miaka mitano imepita na bado uko pale pale, usitafute mchawi. Mchawi ni wewe."

Nyuma yangu alikaa binti wa Ganda ninayemfahamu, mhudumu wa mezani. Misimu mitano, hoteli tatu. Kila Novemba anaandikwa, kila baada ya Pasaka anaambiwa akapumzike nyumbani atapigiwa simu, na kila Novemba anapokewa kama mgeni wa kazi: mshahara wa kuanzia, zamu za kuanzia, na msimamizi wa kumwonyesha meza ilivyo. Tulipotoka akanishika mkono akaniuliza, "Dada, kwani kweli mimi ndiye mchawi?"

Hapana, mwanangu. Wewe si mchawi.

Nimekasirika kwa sababu mwaka wa mtu wa ofisini si mwaka wetu. Yeye ana miezi kumi na miwili ya kujengea. Sisi kaskazi ikivuma hatulali, na kusi ikiingia na masika yake, mwani unajaa ufukweni, wageni wanakwenda zao na milango ya hoteli inafungwa. Agosti inatushika mkono kidogo, basi. Mtu anapanda vidato vitatu, ngazi inaondolewa, halafu anaulizwa mbona hajafika juu.

Mimi nilianza kwa kuosha sufuria mwaka 2006. Msimu wa nne nilikuwa nimesimama jikoni kwenyewe, samaki wote wa jioni ni wangu, na mpishi mkuu alikuwa akiniachia jiko siku zake za mapumziko. Mwaka uliofuata nilirudi nikakuta hoteli ina wenyewe wapya na meneja mpya. Akaniuliza nimefanya kazi wapi. Nikamwambia hapa hapa, kwenye jiko lile. Akasema, "Karatasi iko wapi?" Sikuwa nayo. Mpishi mkuu alishakwenda kwao, waliobaki walikuwa wageni kama yeye. Siku ile nilirudishwa kwenye lile karo nililoanzia, na sufuria nyingine nilizitambua kwa mikunjo yake.

Ujuzi ulikuwa mikononi mwangu. Uliopotea ni ushahidi.

Ndiyo maana namwambia kila anayefanya kazi za msimu, kuanzia Watamu hadi Mambrui: usitoke getini Pasaka bila cheti cha utumishi. Hii si hisani ya meneja. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri akupe cheti hicho kazi inapokwisha, ilimradi umefanya wiki nne mfululizo. Kiandikwe jina lake na anwani, jina lako, siku uliyoanza, kazi uliyoifanya na mahali ulipoifanyia, na siku uliyomaliza. Anayekataa kwa makusudi anatenda kosa, na faini yake inaweza kufika shilingi 100,000. Na kama kazi ni ya miezi mitatu au zaidi, mkataba wake unatakiwa uwe wa maandishi tangu mwanzo. Misimu yetu mingi inapita miezi mitatu. Ni wangapi kati yetu tumewahi kuushika mkataba huo mkononi?

Najua cheti hakisemi kama wewe ni hodari. Sheria haimlazimishi mwajiri akusifu. Lakini kinasema ulikuwepo, na mtu aliyekuwepo misimu mitano hawezi kuambiwa ameanza leo.

Kwa sifa za kazi yenyewe, kuna mitihani ya gredi ya NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi viwandani, kuanzia gredi ya tatu kupanda hadi ya kwanza. Miezi ya kusi ndiyo miezi ya kujitayarisha. Mimi nilifanya hivyo nilipochoka kulia.

Nakubali kuna hoteli zinazowaita watu wao wale wale kila mwaka na kuwaongeza chochote. Nakubali pia kwamba vyumba vitupu havilipi mishahara. Na wapo kati yetu waliolala kweli, msimu hadi msimu, bila kujifunza hata kupanga meza. Huyu binti si mmoja wao. Kiitaliano amekiokota mezani kwa masikio yake tu, na sasa anachukua oda ya familia nzima, watoto na bibi yao, bila kumwita mtu amsaidie. Maarifa hayo yameandikwa wapi? Hakuna mahali. Novemba akirudi anapewa trei kama aliyeingia mjini jana.

Yule msemaji alimaliza, akapigiwa makofi, jioni akapanda ndege. Sisi wawili tulikwenda kwangu Maweni. Nilinunua daftari la kurasa 96, tukaanza kuandika: hoteli ya kwanza, mwezi gani aliingia, mwezi gani alitoka, nani alikuwa msimamizi, kazi gani alipewa, ipi alijiongezea mwenyewe. Tulipofika msimu wa tatu alinyamaza muda mrefu. Akasema hakujua amefanya mambo mengi hivyo. Tuliendelea mpaka adhana ya isha.

Jumatatu anakwenda hoteli ya kwanza kuomba cheti chake. Anaogopa watamfukuza getini kabla hajafika ofisini. Nimeomba ruhusa kazini, nitakwenda naye.