Lira ilipoanguka, dola ilinunua nini?

Jumatatu ya Desemba 20, 2021 nilikuwa Laleli, mtaa wa maduka ya nguo za jumla pale Istanbul, Uturuki, nikimsindikiza mama mmoja wa Kariakoo aliyekuja kufuata mzigo wa magauni. Nilikuwa mwanafunzi, na kuwatafsiria wafanyabiashara ndiko kulikonipa nauli na chakula. Mama alikuwa ametoka kubadilisha dola zake nyingi kwa lira 17 na ushee, akicheka kwamba safari hii atabeba duka zima. Muuzaji alipoona zile lira alifunika kikokotoo kwa kiganja. Leo lira sipokei, akasema, nikikuuzia sasa kesho sipati hata kitambaa cha kushonea jingine. Dola zipo?

Tangu hapo, kila nikisikia kwamba mgeni anayeishi nchi ambayo sarafu yake imeporomoka yuko peponi, huwa nakikumbuka kile kiganja.

Wanaosema hivyo hawakosi hoja. Mwanzoni mwa 2021 dola moja ilikuwa lira saba na nusu hivi, na Jumatatu ile ilivuka 18. Aliyepokea dola kutoka nyumbani, au kulipwa na kampuni ya ng'ambo, alijikuta anakula mkahawani kila siku bila kuhesabu. Wabulgaria walivuka mpaka kwa mabasi hadi Edirne, wakajaza mifuko nyama na sabuni, wakarudi kwao jioni. Kodi ya nyumba iliyoandikwa kwa lira miezi kumi nyuma ilikuwa ya kuchekesha. Wenye dola tulikuwa tunawaonea gere, tuseme kweli.

Lakini wageni hawakuwa na mfuko mmoja. Niliishi chumba kimoja na kijana wa Bujumbura aliyefanya kazi kwenye karakana ya kushona, analipwa lira, anatuma kwa mama yake. Tangu kiangazi alikuwa ameweka akiba lira 6,000. Alasiri ile ile alitoka mbio kazini, akasimama foleni kwenye duka la kubadilisha fedha, akanunua dola zote alizoweza kabla hali haijawa mbaya zaidi. Alipata 330 na kidogo. Usiku Rais Erdoğan akatangaza mpango wa akaunti za lira: dola ikipanda kuliko riba ya akaunti, serikali itamfidia mwenye akaunti. Hadi asubuhi dola ilikuwa imeshuka karibu na lira 13. Akiba ile ile ingempa zaidi ya dola 450. Alikaa kitandani akizihesabu zile noti kana kwamba zitaongezeka.

Yule mama wa Kariakoo, aliyekwama na lira zisizotakiwa, aliamka zimepanda thamani zaidi ya robo. Akanunua mzigo wake na akaniongezea bakshishi. Hakuna kati yao aliyekuwa mjanja kuliko mwenzake. Wachambuzi wa runingani wakieleza nani alinufaika na nani aliumia, neno bahati huwa halitajwi.

Wenyeji ndio waliobeba zito. Kima cha chini cha mshahara mwaka ule kilikuwa lira 2,826 mkononi. Mwezi Januari ni kama dola 380, Jumatatu ile hazikufika 160. Foleni za mkate wa bei nafuu wa manispaa zilizunguka vibanda, wazee wamejifunika mitandio kwa baridi. Ukipita hapo na mfuko wa manunuzi unajua unatazamwa vipi. Chuki kwa wageni haikuzuka hewani: tangu 2018 mtu aliweza kupata uraia kwa kununua nyumba ya dola 250,000, na mwenye nyumba aliyekuwa akipokea lira alianza kuota mpangaji wa kigeni. Sisi wanafunzi, ambao posho zetu nazo zilikuwa za lira, tulihesabiwa pamoja na hao matajiri.

Serikali ilikuwa na hoja yake. Erdoğan alishikilia kwamba riba kubwa ndiyo inayoleta mfumuko wa bei, kinyume na wanavyofundisha wachumi wengi, na Benki Kuu ikashusha riba kutoka asilimia 19 mwezi Septemba hadi 14 mwezi Desemba. Riba iliposhuka, lira nayo ikaanguka. Lira rahisi, walisema, itauza bidhaa nje na kuleta ajira. Mauzo ya nje ya 2021 yalifika kweli dola bilioni 225, rekodi kwa wakati huo, na Laleli palikuwa hapapitiki. Ila gesi, mafuta na malighafi nyingi Uturuki inanunua kwa dola. Gauni likauzwa rahisi huku umeme wa kulishonea ukipanda. Kwa maoni yangu, punguzo alilopata mama wa Kariakoo lililipwa na fundi aliyelala kitanda cha pili chumbani kwangu.

Hata mwenye dola, raha yake haikudumu. Mwisho wa 2021 dola ilikuwa lira 13 na kidogo, mwisho wa 2023 ikawa 29 na nusu. Ukitazama hapo tu utasema ameneemeka maradufu. Sasa weka bei kando yake. Mfumuko rasmi wa 2022 ulikuwa asilimia 64.27, na wa 2023 asilimia 64.77, na wapo wachumi wa huko waliodai uhalisia ni mbaya zaidi. Kikapu cha lira 100 kikawa lira 270. Dola iliongezeka mara mbili na kitu, bei karibu mara tatu. Kila mwezi alipata lira nyingi zaidi na akarudi nyumbani na mfuko mwepesi zaidi. Serikali iliweka ukomo wa asilimia 25 kwa nyongeza ya kodi ya nyumba kuanzia Juni 2022. Wenye nyumba wakatafuta sababu za kuwatoa wapangaji wa zamani, na mgeni asiyejua sheria wala lugha alikuwa wa kwanza kuambiwa mwanangu anaoa, nyumba naitaka.

Katikati ya 2023 waziri mpya wa fedha, Mehmet Şimşek, aliigeuza njia, na riba ikapanda kutoka asilimia 8.5 hadi 50 ilipofika Machi 2024. Lira sasa ikawa inashuka polepole tu, bei zikaendelea kukimbia, na Istanbul ikawa mji ghali hata ukihesabu kwa dola. Baadhi ya viwanda vya nguo vilihamia Misri.

Yule mama aliendelea kuja hadi mwaka huo. Mara ya mwisho aliponipigia simu hakuuliza dola ni lira ngapi. Alitaka nimtafutie nauli ya Guangzhou, China.