Daftari la mwisho wa mwezi

Nimekulia kambi ya mkonge, upande wa Muheza. Saa yetu ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe. Kikigongwa alfajiri, wakataji wanashika njia ya shamba. Kazi iliposimama, kipande kile kilining'inia miezi kadhaa bila wa kukigonga, kisha kikatoweka. Nadhani kiliishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.

Ndiyo maana nikisikia migodi ya makaa ya mawe Ulaya inafungwa, huwa sioni kama ni habari ya mbali. Kwamba makaa yanachafua hewa, sina ubishi. Nisichokubali ni ile hesabu ya haraka haraka: wafanyakazi kadhaa wameachishwa, wapewe kiinua mgongo, yameisha. Kwetu nyumba ilikuwa ya kampuni, zahanati ya kampuni, hata maji ya kampuni. Babu alikuja manamba kutoka Kigoma, baba akazaliwa humo humo kambini. Alipoachishwa hakuwa na kiwanja hapa, wala mtu wa kumpokea huko Kigoma.

Halafu kuna mwenye duka. Wahenga wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Ya kwake ilipotea na daftari lipo. Sukari robo, mafuta ya taa chupa moja, sabuni kipande, na pembeni ya kila jina "mwisho wa mwezi". Hakuwa mwajiriwa wa mtu, basi hakuna aliyemhesabu.

Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za mkonge. Ikaja kamba ya nailoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa 1967 na, kwa maoni yangu, yakaendeshwa ovyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hatukufikisha hata tani 30,000. Miaka yote hiyo hakuna aliyekuja kambini kutuambia tujipange.

Wajerumani walijipanga. Mwaka 2007 walikubaliana kuachana na migodi yao ya chini ya ardhi, na wa mwisho, Prosper-Haniel mjini Bottrop, ukafungwa Desemba 2018. Katikati hapo wazee walistaafishwa mapema, vijana wakahamishiwa kwingine. Haikuponya kila kitu. Mji wa Gelsenkirchen, si mbali na Bottrop, hadi leo ukosefu wa ajira unausumbua. Lakini Uingereza, baada ya mgomo wa 1984 hadi 1985 kushindwa, migodi ilifungwa mmoja baada ya mwingine. Kule Grimethorpe mgodi ulikufa 1993, ikabaki bendi yake ya matarumbeta. (Sisi hata ngoma hatukubakiza.)

Sasa Ruvuma makaa yanachimbwa kwa kasi. Sheria yetu inadai mgodi uwe na mpango wa kufunga: mashimo yafukiwe, ardhi irudishiwe hali yake. Sawa. Na pampu ya maji ya kijiji, nani atainunulia dizeli? Na deni la dukani?

Lile daftari analo mtoto wa mwenye duka. Mwaka jana alinionyesha jina la baba: kilo ya sukari na betri mbili. Nikaingiza mkono mfukoni nilipe. Akacheka. "Kaka, sarafu zenyewe hizo utazipata wapi?"