Ziwa si pisini

Nimesoma habari ya Waingereza wanaopigania mapisini yao ya wazi, yaani mabwawa ya kuogelea yasiyo na paa; imenikumbusha pisini ya Penzance, mji wa Uingereza ulio ufukweni mwa bahari. Ilifunguliwa 1935, dhoruba ya Februari 2014 ikaivunja vibaya, 2016 ikafunguliwa tena. Kisha wakazi wakanunua hisa, na tangu 2020 sehemu yake moja inapashwa na joto la chini ya ardhi. (Joto la ardhini! Sisi wa Kivu, mashariki mwa Kongo, tunalo la volkano mpaka linatutisha.)

Hapa Bukavu majumba ya miaka ile ile yangali yamesimama, yale ya kona za mviringo kwenye barabara ya Lumumba. Mapisini ndiyo tumeyaacha yafe. Moja niliyoijua utotoni ilibanduliwa vigae vya buluu kimoja kimoja; leo mnaota muhogo, watu wanachuma sombe.

Mimi kuogelea nilijifunzia ziwani, nimekumbatia bidoni (dumu) la manjano, kaka akinisukuma kwa mguu. Mtasema basi ziwa linatosha. Ziwa gani? Hatua tatu tu, huna tena pa kukanyaga. Mama gani atamwachia mtoto wa miaka sita pale?