Nauli ya Sangara Hewa

Mjomba wangu wa Igogo, Mwanza, hatulii mpaka ajaribu jambo. Safari hii lilikuwa la maranda ya mbao: ukiyachoma ndani ya debe lililozibwa, hewa isiingie, yanatoa nini? Akaandaa madebe mawili. Moja maranda matupu. La pili maranda yaliyolowekwa kwenye maji ya majivu ya maganda ya ndizi, kisha yakaanikwa. Majivu hayo yamejaa potasiamu, nayo hata ikiwa kidogo tu huifanya selulosi, ile malighafi kuu inayojenga mbao, ivunjike kwa njia nyingine: mkaa na gesi huongezeka, lami hupungua.

Mimi nilipewa cheo cha msimamizi wa bomba, lile la kupitisha moshi kwenye ndoo ya maji upoe.

Debe la majivu lilikwenda kwa adabu. Matone machache, halafu gesi. Tukaiwasha kwa kiberiti, ikawaka mdomoni mwa bomba, mjomba akajipigia makofi.

Debe la maranda matupu halikulelewa vizuri. Selulosi isiyo na potasiamu, joto likipita nyuzi 300, hutoa mvuke mzito unaoganda njiani. Ilichuruzika lami nyeusi, inanata kama ulimbo, kisha kimya. Udongo tuliokandika kwenye kifuniko ungeweza kubeba ghorofa, kwa hiyo njia ilibaki moja tu.

"Mpwa, hebu chungulia humo bombani."

Nikachungulia.

Puu! Nashukuru lami iliyonipata ni ile iliyokwisha kupoa. Uso, shati, mpaka ndani ya sikio. Sasa, lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha mbao, ikiungua hutoa fenoli, na hizo ndizo zinazompa samaki wa kubanika harufu yake. Nikanawa kwa sabuni, kwa ndimu, kwa mafuta ya taa. Wapi! Paka wa mtaa wakanisindikiza hadi kituoni.

Nikapanda daladala ya Buhongwa, nishukie Nyegezi. Hatujafika Mkuyuni, mama mmoja akavuta pumzi: "Sangara huyo kabanikwa na mtu anayejua kazi. Kilo shilingi ngapi, mwanangu?"

Abiria wakainama kutazama chini ya kiti changu. Konda akaja.

"Kaka, mzigo wa samaki unalipiwa."

"Sina samaki."

"Na hii harufu ya nani?"

"Yangu."

Gari zima likaangua kicheko. Konda hakucheka. Nikamweleza taratibu kwamba hizo ni fenoli tu.

Akanyoosha mkono. "Hata hao fenoli wana nauli yao, kaka. Lete."